Fundo la Hatua ya Saba

Daktari Bado aliyasoma masharti ya jarida kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma wosia wa tajiri, na wanawake wawili wa nyumba yake wakamsikiliza kama warithi wasiojua wameachiwa nini.

"Maneno yasizidi elfu sita. Muhtasari, maneno mia mbili. Marejeleo yasipungue thelathini. Picha ziwe safi, na ni marufuku kuzichezea kwenye kompyuta. Jina la mwandishi lisionekane popote, wala alama yoyote ya kumtambulisha mtu, iwe kwenye maandishi, iwe kwenye picha."

"Makala haina jina?" akauliza mama yake, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele.

"Kwa muda tu, mama. Wahakiki hawatakiwi kujua nani kaandika, na mimi sitakiwi kujua nani kanihakiki. Ndiyo haki yenyewe. Ikishapita, majina yanarudishwa."

"Ehee. Kumbe mtoto anazaliwa kwanza, baba anatafutwa baadaye."

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa sakafuni na mkanda wa plastiki kati ya meno. Akacheka mpaka mkanda ukamponyoka.

Hilo jina la Daktari Bado alijipa mwenyewe bila kukusudia. Miaka tisa alikuwa akifundisha ubunifu chuoni, na miaka yote hiyo shahada yake ya udaktari ilikuwa njiani; mtu akimsalimu "Habari, daktari," yeye kwa unyofu wake hujibu "Bado." Mwaka huu chuo kilimwandikia barua fupi: asiye na makala katika jarida linalotambulika, mkataba wake hautaongezwa. Akaketi wiki mbili na kompyuta mapajani, akitafuta la kuandika kwenye jarida moja la ubunifu endelevu. Wiki ya tatu akatazama chini, akaona alichokalia.

Kilikuwa kigoda cha mkewe. Miguu mitatu ya mbao za kreti, juu kimesukwa kwa mikanda ya plastiki ile inayofungia maboksi, ambayo wenye maduka huitupa. Hakina msumari, hakina gundi. Chini yake kuna fundo moja tu, ambalo Fundi alilitafuta kwa miaka miwili, vigoda vikimwangusha, yeye akiinuka. Fundo lenyewe lina tabia: anayeketi akiwa mzito, nalo linazidi kukaza. Mama mkwe aliliita fundo la mkwe. "Ukimkalia kwa uzito, anakubana," alisema, na alisema hivyo mbele ya wageni.

"Na huo ubunifu endelevu ndio nini?" akauliza sasa.

"Kutengeneza kitu bila kuiharibu dunia, mama. Kutumia kilichotupwa."

"Basi maskini wote ni maprofesa."

Fundi aliuokota mkanda wake. "Na jina langu, Baba? Hayo majina yakirudishwa?"

"Litakuwa la pili, baada ya langu. Nakuahidi mbele ya mama."

"Mimi sikusikia," mama akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "lakini niliiona ahadi ikipita."

Kesho yake asubuhi Fundi alikwenda nyuma ya maduka ya jumla kuokota mikanda kabla wafagiaji hawajaichoma. Aliporudi na furushi lake kichwani, ua ulikuwa mweupe kwa vumbi la mbao. Vigoda arobaini alivyoagizwa na shule ya chekechea vilikuwa vimepangwa mistari minne kama watoto wenyewe, na mumewe, shati kalivua, alikuwa akimalizia cha mwisho kwa msasa.

"Unafanya nini?"

"Naondoa alama. Jarida limesema—"

"Nilikuwepo liliposema. Hukuweza kukigeuza ukapiga picha upande mwingine?"

"Nigeuze mguu upi, na kila mguu umeupiga chapa?"

Kweli, kila mguu Fundi aliupiga chapa. Alikuwa na ufunguo wa kufuli kuukuu. Aliupasha kwenye makaa, akaugandamiza kwenye mbao, na meno yake matatu yakaacha kovu jeusi kama unyayo wa kifaranga. Wanunuzi walikuwa hawaulizi bei kwanza. Walikigeuza kigoda na kuuliza, "Kina kifaranga?"

"Ungezifuta hizo alama kwenye kompyuta," alisema Fundi. "Watu wanafuta hata chunusi."

Daktari Bado alimtazama kama aliyeambiwa akaibe. "Kuchezea picha ni udanganyifu, mke wangu. Watu wamefukuzwa kazi kwa hilo. Mimi picha zangu sijazigusa."

"Picha hukuzigusa. Umegusa vigoda."

"Ndiyo," akasema, kwa fahari ya mtu msafi.

"Vyote arobaini!"

"Ni picha ya pamoja. Inaonyesha kwamba vinaweza kutengenezwa kwa wingi."

Mama yake alitoa kichwa dirishani. "Mwanangu mwaminifu huyo, usimwone hivyo. Alipokuwa mdogo, akivunja sahani alikuwa anakuletea vipande."

Fundi akautafuta ufunguo wake, akaanza kuchochea makaa. Mumewe akamshika mkono. Wahakiki wangeweza kuomba picha nyingine. Vikae hivyo hivyo mpaka majibu yaje. Lakini shule haikungoja majibu ya mtu. Ilifunguliwa Jumatatu, na Mwalimu Mkuu, mwanamke mnene aliyependa utaratibu, alikigeuza kigoda cha kwanza, akakigeuza na cha pili.

"Fundi, kifaranga kiko wapi?"

"Kiko njiani, Mwalimu. Kinahakikiwa."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alivipokea kwa sababu watoto walikuwa wamekaa sakafuni.

Majibu yalichukua miezi minne. Mhakiki wa Kwanza aliandika mistari mitatu ya sifa. Mhakiki wa Pili aliandika kurasa nne, na katika kurasa hizo nne hakupenda kitu. Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo, ndiyo maana harusi hazianzi kwa wakati. Alitaka mambo mawili. La kwanza, kigoda kijaribiwe uzito mara themanini. La pili, fundo lionyeshwe hatua kwa hatua, kwa picha, ili mtu ambaye hajawahi kuliona aweze kulifunga kwa kusoma tu.

La kwanza lilikuwa jepesi, kwa kuwa uzito ulikuwemo nyumbani. Mama mkwe aliketi na kuinuka, aliketi na kuinuka, mwanawe akichora vijistari kwenye daftari. Alipofika sitini akaomba maji. Alipofika themanini akakataa kuinuka.

"Andika huko," alisema, jasho likimtoka, "kwamba Mhakiki wa Tatu kahakiki kwa makalio, na amekubali."

La pili ndilo lililoleta maneno.

"Fundo silionyeshi," alisema Fundi. "Mbao anazo kila mtu, mikanda imejaa jalalani. Fundo ndilo duka langu."

"Bila fundo hakuna makala. Bila makala hakuna mkataba. Sasa niambie, duka lako litatulisha watatu?"

"Jina langu limo?"

"Si nilikwambia la pili?"

"Nauliza limo, siulizi uliniambia nini."

"Majina hayajarudishwa! Mara ngapi nikueleze?"

Fundi alimtazama sana. Kisha akavuta kigoda ambacho hakijasukwa, akakipindua. Hapo mumewe akatoa mfukoni glovu nyeusi za mpira, zile za kusafishia choo.

"Za nini hizo?"

"Dole gumba lako la kushoto." Ncha yake ilikatwa na patasi zamani. "Ni alama ya kumtambulisha mtu."

"Katika hao wahakiki, yupi ananijua kwa dole gumba?"

"Masharti ni masharti."

Akazivaa. Zilinuka choo, na zilikuwa kubwa, vidole vyake vikawa kama ndizi zilizoiva mno. Akafunga fundo hatua kwa hatua, "simama hapo," picha, "endelea," picha, hatua kumi na moja. Hatua ya saba mkanda hupitishwa, halafu hurudi chini yake wenyewe mara moja, mzunguko mdogo usiozidi ukucha. Fundi aliupitisha moja kwa moja bila kuurudisha. Glovu zikafunika. Kamera haikuona, mumewe hakuona, maana mumewe miaka yote alikuwa akiliketia fundo lile bila kuliinamia.

Siku nitakayoliona jina langu, alijisemea Fundi, siku hiyo nitamwambia bado mzunguko mmoja. Na makala, pasipo Daktari Bado kujua, ikawa bado kama yeye.

Siku ilipokubaliwa, Daktari Bado alikuja na soda tatu, na mkataba wa miaka mitatu mingine. Alimpigia mama yake magoti kwa mzaha, mama akamwekea mkono kichwani kwa mzaha, na wote wakatokwa na machozi ambayo hayakuwa ya mzaha. Fundi naye alikunywa soda yake. Akauliza ataliona lini jina. Mwezi ujao, akaambiwa. Mwezi ujao ukaja ukapita, na mumewe kila akiulizwa alikuwa na haraka ya kwenda kusahihisha mitihani.

Aliyeileta makala nyumbani ni Mwalimu Mkuu. Alikuja mchana, bahasha kwapani, akakataa maji ya kunywa. Mtu akija kwako akakataa maji, jua amekuja na neno.

"Fundi, bodi ya shule inataka vigoda themanini zaidi. Kwa matawi yetu mawili."

"Mungu mkubwa!" akasema mama mkwe.

"Ila mjumbe mmoja kaiona hii kwenye mtandao." Akatoa kurasa zilizochapwa. Picha zilikuwepo: vigoda arobaini, miguu mitupu, glovu nyeusi, moja hadi kumi na moja. Maneno yalikuwa ya lugha ambayo Fundi alikuwa haisomi.

"Nisomee majina tu, Mwalimu."

"La kwanza ni la Mkuu wa Idara wa chuoni. La pili, mumeo."

"La tatu?"

"Hakuna la tatu." Mwalimu Mkuu alifunua mpaka mwisho. "Ngoja. Wewe umo huku, kwenye shukrani." Kisha akanyamaza, kama mgeni aliyeona nzi kwenye chakula cha mwenyeji.

"Soma tu. Mimi mtu mzima."

"Wanasema: 'Waandishi wanamshukuru fundi wa mtaani aliyefunga mafundo kwa kufuata maelekezo yao.'"

Mama mkwe akageuza shingo huku na huko. "Fundi gani huyo?"

Mwalimu Mkuu alikuwa akizikunja kurasa zake. Bodi, alisema, imeamua vigoda vitengenezwe na karakana ya chuo, kwa wenye ubunifu wao, ili kesho mtu asije kusema shule inanunua vya kuiga.

"Vya kuiga," akasema Fundi.

"Si maneno yangu, Fundi. Ni ya bodi."

Mumewe alirudi jua likiwa bado juu, akawakuta wamekaa, hakuna anayefanya kazi. Akajua. Akajieleza kwa kirefu, na tatizo la maelezo yake ni kwamba kila kipande kilikuwa kweli. Fomu ya jarida ilitaka kila mwandishi aandike chuo chake na barua pepe ya chuo. Ilitaka kila mwandishi athibitishe kwamba ameisoma makala na kukubaliana nayo. Ada ya kuchapishwa alilipa Mkuu wa Idara, ndiyo maana yuko mbele.

"Nikamwuliza, fundi nimweke wapi? Akasema, mwandishi ni yule anayeweza kuitetea makala. Sasa wewe, mke wangu, ungeweza kuitetea?"

"Ningeweza kuikalia."

"Ndiyo hayo."

"Na hilo la kufuata maelekezo yenu?"

Daktari Bado akatazama viatu vyake. "Hilo aliliongeza Mkuu. Alisema sentensi ilikuwa inaning'inia."

Fundi akawafikiria watoto themanini. "Sikiliza, Baba. Fundo lililomo humo si zima. Kuna mzunguko haumo. Karakana wakilifunga vile, litafunguka."

"Umeanza," akasema mumewe. "Nilijua utatafuta tu pa kushika. Wivu ni kitu kibaya."

Kesho yake Fundi alivaa nguo ya kutokea, akachukua mkanda wa plastiki wa pima mbili, akaenda chuoni kwa miguu. Nje ya ofisi ya Mkuu wa Idara kulikuwa na kigoda chake kimoja, kimewekwa juu ya zulia dogo, kikiwa na karatasi ya maelezo. Alikuwa amechoka. Akakiketia.

"Mama, mama!" katibu muhtasi akaruka. "Hicho hakikaliwi, ni cha maonyesho."

Akasimama ukutani mpaka saa nane.

"Shemeji!" Mkuu wa Idara alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye meno mazuri, asiye na ubaya na mtu yeyote aliyemjua kwa jina. Fundi akaeleza alichojia. Akaomba aletewe kutoka karakana kigoda ambacho hakijasukwa, akafunga fundo mbele yake, pole pole, mikono mitupu. Mkuu alifungua makala mezani, akafuatisha kwa kalamu, picha kwa picha.

"Hapo," akasema. "Hatua ya saba umekosea, shemeji."

"Sikukosea. Hapo ndipo penyewe. Picha ndiyo yenye kosa."

"Picha haina kosa. Tazama mikono ilivyo."

"Hiyo mikono ni yangu!"

Mkuu akaisogeza karatasi karibu na macho, akaitazama kwa haki kabisa. "Mimi naona glovu tu."

Fundi akaiweka mikono yake mezani, kando ya picha.

"Shemeji, nisikilize. Makala hii imehakikiwa na wataalamu wawili waliobobea. Sasa hilo fundo lako la leo limehakikiwa na nani?"

Fundi alimkumbuka mama mkwe akiketi mara ya themanini. Hakumtaja; aliona aibu kwa niaba yake. Mkuu akachukua nakala ya makala, akampa kwa upole. "Chukua hii, uende ukajifunze taratibu. Ukifunga kama ilivyo hapa, pengine karakana watakupa vibarua."

Vigoda themanini vya karakana vilipelekwa, na kwa wiki mbili vikasimama. Wiki ya tatu vikaanza kulegea kimoja kimoja, na siku ya wazazi vikaenda vinane kwa asubuhi moja. Mwalimu Mkuu mwenyewe, akiwa amekalia kimoja, alianguka katikati ya hotuba. Hilo watu wangelicheka mwaka mzima, kama dakika ile ile mtoto wa kike wa miaka minne asingeanguka na kuvunjika mkono.

Fundi alipofika mbio shuleni, vigoda vyote mia na ishirini, vya shule na vya matawi, vilikuwa vimekusanywa na kutupwa uani, na mlinzi ameshika dumu la mafuta ya taa.

"Mwalimu, arobaini ni vyangu! Vizima! Mwaka mzima havijamwangusha mtu. Niache nivitenge, nitavijua kwa kuvipindua tu."

"Nami niwaambie wazazi nini? Hiki kizuri, hiki kibaya, na vyote vimefanana? Nionyeshe kifaranga."

Fundi akakipindua kimoja, akaona mguu mtupu.

"Si nilikuuliza siku ile? Nilikuuliza, Fundi. Basi vyote ni kimoja."

Mbao ziliwaka vizuri; mikanda iliyeyuka, ikatoa moshi mweusi mzito uliowatoa majirani nje wakikohoa. Hivyo ndivyo ubunifu endelevu ulivyopanda mbinguni. Fundi angeuvumilia moto. Lakini yule mtoto alipita na mama yake, wametoka hospitali, mkono una plasta nyeupe, na alipomwona mtu anamtazama, akauinua mkono juu kumwonyesha, kwa fahari, kama anayeonyesha kiatu kipya.

Alirudi nyumbani akaketi chini, akamwambia mumewe mbele ya mama yake. Alisema kila kitu: glovu, hatua ya saba, mzunguko wa ukucha. "Niliuacha makusudi. Nilikuwa nasubiri jina." Akalia kwa sauti.

Daktari Bado hakumgombeza. Aliinuka, akaenda kuchukua kompyuta.

Baada ya siku nne akaja na karatasi. Jarida litatoa sahihisho, alieleza, kwa sababu shule imeandika malalamiko. Mkuu na yeye wameshalitayarisha. Akamtafsiria mkewe, kidole kikifuata mistari: "'Kosa lililoonekana katika hatua ya saba lilisababishwa na fundi aitwaye—'" hapo akalisoma jina lake lote, lake mwenyewe, la baba yake na la babu yake, "'—ambaye hakufuata maelekezo ya waandishi. Waandishi wanasikitika.'"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kulisoma jina lile kamili ndani ya nyumba ile.

"Saini hapa. Jarida haliruhusu mtu atajwe bila ridhaa yake."

"Lakini mimi sina barua pepe ya chuo."

"Kwa hili haihitajiki."

"Na lugha yake siisomi. Siwezi kuitetea."

"Kwa hili huhitaji kuitetea." Alikuwa akimbembeleza sasa. "Usiposaini, kosa litabaki kwangu, na mkataba wangu unauona. Nawe mwenyewe ulisema ulifanya makusudi. Nimeandika uongo?"

"Litafutwa lini?"

"Halifutwi. Jarida linatunza kila kitu, siku zote."

Fundi aliufikiria ule mkono wa plasta ulioinuliwa juu. Katika karatasi nzima kulikuwa na ukweli mmoja, nao ulikuwa wake. Akasaini.

Mama mkwe, mlangoni, aliuweka ungo chini. "Nilisema baba atatafutwa baadaye. Uzee huu, nilikosea. Mtoto akifaulu ni wa baba yake. Akivunja chungu cha jirani, mama yake anatafutwa hata kwa tochi."

"Mama, tafadhali," akasema Daktari Bado. Aliivuta karatasi, akavuta na kigoda, cha mwisho kilichobaki ndani ya nyumba, akakiketia ili aitume. Chini yake fundo likalia, kri, likakaza, kama lilivyozoea kumfanyia kila mwenye uzito. Kikambeba vizuri tu.